Gari hutangaza, gereji hulisha

Mwaka 1987, katika kijiji cha Pfaffenhausen, jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, mafundi wa kampuni ndogo iitwayo RUF walikuwa na bodi ya Porsche 911 mikononi. Wakaikata ile mifereji miwili myembamba ya chuma iliyo juu ya milango, inayozuia maji ya mvua yasimdondokee dereva, kisha wakasawazisha mpaka kidole kikipita hakigusi kovu. Milango na boneti wakaweka za aluminiamu. Bodi yenyewe walichagua ile nyembamba ya 911 ya kawaida, si ile pana ya 911 Turbo, kwani gari pana hukinzana na upepo zaidi. Nyuma wakafunga injini ya silinda sita, lita 3.4, yenye tabo mbili, yaani feni zinazozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili zisukume hewa nyingi zaidi kwenye silinda.

Matokeo yake yakawa CTR: nguvu za farasi 469 katika gari la kilo 1,150 hivi. Aprili mwaka huohuo, jarida la Marekani la Road & Track lilikusanya magari yenye kasi kubwa kwenye uwanja wa majaribio wa Volkswagen, Ehra-Lessien. Gari la Pfaffenhausen, lenye rangi ya manjano, likafika kilomita 339 kwa saa na kuiacha nyuma hata Porsche 959, fahari ya Porsche yenyewe. Watu wa jarida wakalipa jina lililobaki nalo mpaka leo: Yellowbird, ndege wa manjano.

Sasa tuje kwenye daftari la hesabu. CTR zilizotengenezwa kwa bodi mpya zilikuwa 29 tu. Magari 29 hayawezi kulipa mishahara ya mafundi, umeme wa karakana na gharama za majaribio kwa miaka mingi. Basi RUF imeishije?

Jibu limo katika asili yake. Alois Ruf mkubwa alifungua gereji hapo kijijini mwaka 1939, gereji ya kawaida ya kutengeneza magari ya watu. Mwanawe, Alois mdogo, aliirithi mwaka 1974 na kuielekeza kwenye Porsche. Alitafuta pengo lililoachwa na kampuni kubwa. Porsche iliuza 911 Turbo yenye gia nne mpaka karibu mwisho wa miaka ya 1980. Yeye akawapa wateja giaboksi ya gia tano. Mteja alikuwa na hiari ya kununua gari jipya la RUF au kuleta 911 yake mwenyewe ibadilishwe. Tangu mwaka 1981 serikali inaitambua RUF kama mtengenezaji kamili, na namba za chasisi za magari yake mapya huanza na W09, herufi za watengenezaji wadogo wa Ujerumani, badala ya WP0 ya Porsche.

Kwa hiyo gari moja huingiza fedha zaidi ya mara moja. Linauzwa, linarudi kwa matengenezo, linadai spea, na baada ya miaka thelathini linarudi tena kufufuliwa. CTR halisi sasa hufikia mamilioni ya dola mnadani, na mwenye mali ya thamani hiyo hampi fundi asiyemjua. Isitoshe, familia ya Ruf ina mitambo ya umeme wa maji, kipato kisichotegemea matajiri wanaopenda mwendo.

Majirani wa biashara hii wanaonyesha upande wa pili. Roland Gumpert, aliyewahi kuongoza kitengo cha mashindano cha Audi, alianzisha kampuni yake mwaka 2004 huko Altenburg, mji maarufu kwa kutengeneza karata. Gari lake, Apollo, lilikuwa na injini ya Audi ya silinda nane, tabo mbili na nguvu za farasi 650 hivi. Halikukosa mwendo. Lakini Gumpert alikuwa na karata hiyo moja tu, na mwaka 2012 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Wiesmann wa Dülmen, waliotumia injini za BMW na kujenga kiwanda chenye paa la umbo la mjusi.

Hatari nyingine ni kumtegemea mkubwa anayekuuzia injini na bodi. Alpina ya Buchloe, iliyoanzishwa mwaka 1965 kuboresha magari ya BMW na kuuza hata mvinyo pembeni, ilikubali mwaka 2022 kuwaachia BMW jina lake. RUF imekwenda njia tofauti. Mwaka 2017, katika maonyesho ya Geneva, ilileta CTR mpya inayofanana sana na ile ya zamani, lakini bodi yake ya kaboni ni ya RUF wenyewe. Iliahidi kutengeneza magari 30.

Ukitaka kujua kampuni ya aina hii itadumu au la, mshale wa mwendo hautakwambia. Zunguka nyuma ya jengo, uhesabu magari ya zamani yanayongoja fundi.