Msomaji Asiyejua Kiswahili: Kuwasilisha Makala katika Majarida ya Taaluma za Kifaransa

Ikisiri
Mtafiti wa Kiswahili anayetaka kuchapisha katika jarida la taaluma za Kifaransa hukutana na masharti mengi ya umbo: idadi ya maneno, mtindo wa tanbihi, namna ya kuficha jina. Makala haya yanadai kwamba jambo lililo zito zaidi ni kumtambua msomaji. Kwa mifano miwili, wa tafsiri na wa Kiswahili cha Kongo, yanaonesha jinsi hoja inavyopaswa kupangwa upya kabla ya kutumwa.

1.0 Utangulizi
Kiswahili na Kifaransa vimekutana kwa muda mrefu. Lugha hizi huishi pamoja Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura. Tamthilia za Molière zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na riwaya ya Mariama Bâ, Une si longue lettre (1979), inasomwa kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Hata hivyo, tunapoandika kuhusu makutano hayo, aghalabu tunaandikiana sisi kwa sisi. Mwanazuoni wa Kifaransa ambaye angenufaika na matokeo yetu hayaoni. Na pale mmoja wetu anapothubutu kumwandikia, makala yake yanaweza kurudishwa kabla hata ya kutathminiwa, ilhali utafiti wenyewe hauna kasoro.

2.0 Upeo wa Jarida
Tuchukue French Studies, jarida lililoanzishwa mwaka 1947, ambalo hutolewa mara nne kwa mwaka na Oxford University Press kwa niaba ya Society for French Studies. Hupokea makala kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kuhusu lugha, fasihi, fikra na filamu za Ufaransa na za nchi nyingine zinazotumia Kifaransa. Upeo huo ni mpana, na upana wake humpotosha mwandishi mgeni, ambaye hudhani kwamba kutajwa kwa Kifaransa katika kichwa cha makala kunatosha.

Msomaji wa kwanza wa mswada ni mhariri. Kabla ya kuwatafuta watathmini, hujiuliza: je, makala haya yanawafundisha nini watu ambao kazi yao ni Kifaransa? Jibu lisipoonekana katika ikisiri na katika aya za mwanzo, ubora wa data hauokoi kitu.

3.0 Mfano wa Tafsiri
Katika Le Petit Prince ya Antoine de Saint-Exupéry (1943), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme, ombi la kwanza la mtoto kwa rubani huanza kwa fomula ya heshima yenye nafsi ya pili wingi, na papo hapo huishia kwa kitenzi cha amri cha umoja. Umbali na ukaribu vimo ndani ya sentensi moja. Kiswahili sanifu hakina njia ya kufanya hivyo kwa viambishi. Neno tafadhali halibagui umoja na wingi, na heshima kwa mtu mmoja huoneshwa kwa majina ya ukoo, vyeo na salamu.

Anayeliandikia jarida la Kiswahili atauliza mfasiri afanye nini. Swali hilo ni halali, lakini likipelekwa vilevile kwa jarida la Kifaransa, mhariri atasema kwa haki kwamba jibu lake linawafaa wafasiri wa Kiswahili. Hoja igeuzwe. Msomaji wa Kifaransa anaweza kulipita ombi lile akidhani ni kosa la kitoto. Mfasiri wa Kiswahili hawezi, maana lazima aamue ni kipi kipotee. Tafsiri basi inakuwa chombo cha kusomea matini asilia. Inamrudisha mhakiki kwenye suala la nani anaitwa kwa wingi na kwa muda gani: kwa mfano, ua la mtoto humwita kwa wingi hadi siku ya kuagana, ndipo linapohamia umoja. Data ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali hoja inapotua.

4.0 Mfano wa Kongo
Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa majumbani mjini Elisabethville, sasa Lubumbashi, kilitoa historia ya mji huo iliyotungwa na André Yav. Kichwa chake, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ni cha Kifaransa. Matini yake ni ya Kiswahili cha huko. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990.

Kwetu sisi, linalohitaji maelezo ni Kifaransa kilichomo katika matini hiyo. Kwa msomaji wa jarida la Kifaransa mambo ni kinyume. Nukuu za Kifaransa kwa kawaida huachwa bila tafsiri, ilhali kila nukuu ya Kiswahili ihifadhiwe kama ilivyo, ifuatiwe na tafsiri, na viambishi vichanganuliwe pale tu hoja inapovitegemea. Aidha, kutofautisha Kiswahili cha Katanga na Kiswahili sanifu, jambo ambalo sisi tungelimaliza kwa tanbihi moja, huko hudai aya nzima. La sivyo, mtathmini atadhani tofauti hizo ni makosa ya uandishi.

5.0 Masharti ya Umbo
Masharti mengine hutimizwa kwa uangalifu tu. Mswada utumwe kwa jarida moja kwa wakati mmoja. Tanbihi na marejeleo vifuate mwongozo wa jarida husika; mtindo wa MHRA, unaotumiwa na majarida mengi ya Uingereza katika fani hii, huweka marejeleo katika tanbihi, tofauti na mtindo wa mwandishi na mwaka tuliouzoea.

Kuficha jina kunahitaji hadhari zaidi, kwa kuwa watafiti wanaoshughulikia lugha hizi mbili kwa pamoja ni wachache na hutambulika kwa urahisi. Kazi za awali za mwandishi zirejelewe kama kazi za mtu mwingine, na shukrani zisubiri hadi makala yakubaliwe. Katika barua ya kuwasilisha, mhariri aelezwe ni sehemu zipi zinazohitaji mtathmini anayejua Kiswahili. Bila hivyo, mswada unaweza kusomwa na wajuzi wa Kifaransa pekee, na uchambuzi wa Kiswahili ukapita bila kupimwa, au ukashukiwa bila sababu.

6.0 Hitimisho
Mtathmini akiandika kwamba hakuona umuhimu wa mifano ya Kiswahili, mwandishi asikimbilie kuipunguza. Mara nyingi maoni hayo yanaonesha mahali ambapo hoja haikurudi kwenye Kifaransa. Aiache mifano, aongeze sentensi inayokosekana, kisha amweleze mhariri ameiweka ukurasa gani. Akiiondoa, anaweza kuchapishwa, lakini atakuwa ametoa kitu pekee ambacho wasomaji wa jarida lile hawakuweza kukipata kwa mwingine.