Kubadili fani Marekani hakuongezi msaada wa fedha

Mwanafunzi wa chuo Marekani akihama kutoka biashara kwenda uuguzi, hutarajia kuongezewa fedha kwa kuwa sasa atasoma kwa muda mrefu zaidi. Sheria haisemi hivyo. Msaada wa serikali kuu hupimwa kwa hali ya kifedha ya familia, inayojazwa kwenye fomu ya FAFSA, na kwa gharama za chuo. Kubadili fani peke yake hakuongezi kitu. (Aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi hata hana haki ya msaada huo.)

Muda nao una ukomo. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo mwaka wa masomo 2025/26 haizidi dola 7,395, hutolewa kwa kiasi cha mihula 12 tu maishani. Tena, ili msaada uendelee, krediti unazosajili kwa digrii ya krediti 120 hazitakiwi kuvuka 180, zikiwemo ulizofeli.

Mchukue binti aliyemaliza miaka mitatu ya biashara akiwa na krediti 90, uuguzi ukampokelea 36. Zimebaki 84, ukijumlisha na zile 90 unapata 174. Nafasi aliyonayo ni krediti sita, yaani masomo mawili. Mihula sita ya Pell iliyosalia ndiyo hiyo hiyo anayoihitaji. Akirudia muhula mmoja, ruzuku itakwisha kabla ya digrii. Vyuo vingine havihesabu krediti za fani ya zamani zisizotumika katika mpya, kwa hiyo ni lazima aulize kabla ya kuhama.

Hata hivyo, kuomba nyongeza kunawezekana. Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965 inampa ofisa wa misaada mamlaka ya kurekebisha hesabu za mwanafunzi mmoja mmoja, mradi kuna vielelezo. Barua ya kueleza tu kwamba umebadili fani haimpi ofisa pa kuanzia. Mwandikie bei ya sare, stetoskopu, ada ya maabara na nauli ya kwenda hospitali ya mafunzo, kila kimoja na uthibitisho wake. Kama mzazi amepoteza kazi, ambatanisha barua ya mwajiri.

Ujue pia kwamba gharama zikipandishwa, mara nyingi kinachoongezeka ni nafasi ya kukopa, na deni ni lako. Kwa hiyo kabla hujasaini mkopo wowote, nenda idara yako mpya ukaulizie ufadhili wake.