Kulia kwa Picha Uliyokwisha Kuiona

Mtu anayeangalia filamu ya Kihindi Dilwale Dulhania Le Jayenge kwa mara ya saba hana jipya la kusubiri. Anajua kwamba Raj na Simran watapendana safarini Ulaya, kwamba baba mtu atawahamishia nyumba nzima Punjab ili bintiye aolewe na mwingine, na anajua treni ya mwisho itaondoka na nani. Hata hivyo analia, tena analia palepale alipolia mara ya kwanza. Mimi ni mmoja wa watu hao. Huiweka usiku watoto wakishalala, sauti nimeipunguza, kama mtu anayechota sukari kabatini. Tuiache kwanza aibu, tuulize jambo jepesi zaidi: ikiwa habari yenyewe ni ya zamani, machozi yanatoka wapi?

Tuanze na mahadhi, yaani ule mwendo wa sauti wa wimbo, sehemu unayoweza kuipigia mluzi hata kama hujui neno lake moja. Maneno sharti yaeleweke ndipo yafanye kazi. Mahadhi yakishakumbukwa, yametosha. Ndiyo maana mahadhi ya sinema za Kihindi yalivuka bahari bila mkalimani. Juma Bhalo, yule gwiji wa taarabu wa Mombasa, alijulikana sana kwa kuyachukua na kuyavika mashairi ya Kiswahili, na nyimbo hizo zikaimbwa maarusini na watu ambao Kihindi hawakijui kabisa.

Baada ya mahadhi kuna sauti yenyewe, na hapa sinema ya Kihindi ina utaratibu wake. Mwigizaji kwa kawaida haimbi. Mwimbaji hurekodi wimbo studio, kisha mwigizaji huchezesha midomo mbele ya kamera. Mnamo 1951, katika Awaara, Nargis alichezesha midomo kwa sauti ya Lata Mangeshkar. Mnamo 1995, katika filamu hii tunayoizungumzia, Kajol alifanya hivyo kwa sauti ya Lata huyohuyo. Kajol alikuwa na miaka 21. Lata alikuwa amevuka 60. Mtazamaji hashtuki. Anachokisikia si sauti ya Simran, msichana fulani wa Kihindi aishiye London, bali sauti ileile ya mapenzi aliyoisikiliza mama yake redioni. Sura zinabadilika, sauti inabaki, na kila filamu mpya hurithi huzuni za zile zilizoitangulia.

Kisha huja marudio, ambayo ndiyo moyo wa jambo hili. Mtunzi huchukua kipande kifupi cha mahadhi, akakipiga mapema katika tukio lisilo na uzito, halafu akakirudisha hali inapokuwa nzito. Raj ana mandolini. Tunaizoea mikononi mwake kama kitu cha mchezo tu, cha kijana asiye na haraka ya maisha. Baadaye Simran yuko Punjab, amekwishakata tamaa, na anaisikia. Haoni mtu, anasikia nyuzi tu. Anatoka mbio hadi kwenye shamba la haradali lililochanua njano, na Raj yumo katikati yake. Filamu haikuhitaji kutueleza kwamba amefunga safari kumfuata. Nyuzi zimekwishasema, nasi tumezielewa sekunde chache kabla ya macho kuthibitisha. Zile sekunde chache ndizo zinazoliza.

Mbinu hii si mali ya Wahindi peke yao. Katika Titanic ya 1997, James Horner aliyapiga mahadhi ya wimbo mkuu kwa ala, na kwa sauti ya mwanamke isiyo na maneno, kwa zaidi ya saa tatu. Celine Dion anakuja kuuimba mwishoni, majina ya waigizaji yakipita. Wakati huo mtazamaji anadhani anausikia wimbo mpya, kumbe amefundishwa jioni nzima.

Upo pia upande wa sikio lenyewe. Mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, katika utafiti aliouchapisha 1991, aliwataka wasikilizaji waonyeshe ni sehemu gani hasa ya muziki huwatoa machozi. Zilizojitokeza sana ni zile ambapo noti moja inagombana kidogo na sauti zilizo chini yake, kisha inashuka na kutulia. Noti hiyo humkalisha msikilizaji roho juu, halafu humtua. Anayejua kwamba itatua haipotezi raha hiyo; anaanza kuionja mapema.

Ikiwa hayo ni kweli, lawama ya kawaida dhidi ya picha hizi, kwamba mwisho wake unajulikana tangu mwanzo, inapiga pasipo. Marudio yanataka kujulikana kama ngoma inavyotaka kiitikio. Mumbai kuna jumba la sinema, Maratha Mandir, lililoionyesha Dilwale Dulhania Le Jayenge kwa zaidi ya miaka 25, na sidhani kama wanaokata tiketi huko wanataka kujua Simran ataolewa na nani.

Kwa hiyo machozi siyaonei haya tena. Kinachonisumbua ni kingine, na nilikigundua usiku mmoja nilipozima sauti kabisa kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa. Ilikuwa ile sehemu ya stesheni. Raj yuko mlangoni pa behewa, uso una damu, treni inaanza kutembea. Simran anataka kukimbia, lakini baba amemshika mkono. Nikiwa na muziki, hapo huwa natetemeka, na baba anapouachia ule mkono namwona kama mtu mwenye moyo mkubwa. Bila muziki niliuona mkono tu: mwanamke mzima, treni inaondoka, anamsihi baba yake ampe ruhusa ya kupanda. Niliangalia hadi akaachiwa, macho makavu. Kisha nikachomeka spika za masikioni, nikarudisha nyuma dakika nne.