Usimwambie Akimbie, Mpitie

Likizo ndefu ya chuo huangukia msimu wa kahawa, kwa hiyo sisi watoto wa Hasamba, wilayani Mbozi, hatuijui likizo ya kulala. Kutwa ni kuchuma na kubeba. Nikitoka alfajiri kukimbia kuelekea Vwawa, mama hunishangaa: "Mwanangu, nani anakufukuza?" Kwake, mwenye nguvu za ziada akachukue jembe.

Lakini chuoni Mbeya hakuna jembe. Mwili uliozoea miteremko ya Mbozi unakalishwa kitini asubuhi hadi jioni, usiku unajikunja juu ya simu. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, mlo ni mmoja. Juu ya hayo kuna hofu ya sapu, yaani kurudia mtihani, na hofu kubwa zaidi ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni, hasa ukikumbuka kahawa iliyouzwa ili ulipiwe ada.

Mwenzangu wa chumba alianza kwa kukosa vipindi vya asubuhi. Baadaye akaacha hata kuangalia mpira, yeye ambaye Yanga ikifungwa halali. Tukasema mvivu, wengine wakasema mapenzi. Ilikuwa sonona. Huzuni ya kawaida huja na kupita. Hii hudumu wiki mbili au zaidi, ikaondoa hamu ya vitu ulivyovipenda, ikavuruga usingizi na chakula, ikakufanya ujione huna maana.

Je, mazoezi yanasaidia? Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wenye sonona. Kundi moja lilipewa dawa, la pili mazoezi, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayolingana, ingawa dawa zilianza kufanya kazi mapema. Wale walikuwa watu wa miaka 50 na kuendelea, rika la wazazi wetu. Ila mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa uchambuzi wa tafiti 218 zenye washiriki zaidi ya 14,000: kutembea, kukimbia taratibu, yoga na kunyanyua vyuma vilipunguza sonona. Wachambuzi wenyewe walikiri kwamba tafiti nyingi kati ya hizo zina kasoro, na nawaheshimu kwa hilo.

Shida ni kwamba dawa hii ya mazoezi inadai kitu kilekile ambacho ugonjwa umekiiba. Mtu asiyeweza kuinuka kuoga, unamwambiaje akakimbie? Ushauri wa namna hiyo humwongezea hatia tu. Kilichomtoa mwenzangu kitandani ni watu kumgongea mlango. Hatukutaja ugonjwa wala afya. "Kaka, vaa raba, tunakwenda kunywa chai." Mgahawa tuliuchagua wa mbali makusudi. Mwanzoni alitembea kimya, nasi tukamwacha na kimya chake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa kwa siku tano ni nusu saa tu, na kwenda chai na kurudi kunaimaliza. Mbeya ni mji wa vilima. Huhitaji kulipia jimu.

Siwadanganyi kwamba chai ya mbali ilimponya. Alikwenda pia kumwona daktari, na tulimsindikiza. Mtu akianza kusema heri asingezaliwa, au akigawa vitu vyake ovyo, hapo mambo ya raba yangoje: usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kizuizi kikubwa cha matembezi yetu ni mvua. Huku hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili, na mitihani ya muhula wa kwanza huwa katikati yake, wakati ambao watu wanazidiwa kuliko wakati wowote. Siku hizo tunapanda na kushuka ngazi za hosteli. Matroni ameshalalamikia kelele. Tumekubaliana naye tumalize kabla ya saa moja usiku, na raba zenye tope zibaki nje.