Ubia wa Taka Usikomee Langoni

Kidole kimoja hakivunji chawa, walinena wahenga. Kauli hiyo hutumiwa sana serikali inapohimiza ubia na sekta binafsi, na Kenya imetunga sheria kuuhusu mwaka 2013, kisha nyingine mwaka 2021. Lakini ubia wa kweli hupimwa kwa swali moja: sehemu ngumu ya kazi imeachiwa nani?

Tuangalie taka za mitaa ya Eastlands, Nairobi. Mimi, kama wakazi wengi wa Umoja, hulipa ada kila mwezi, nao vijana wa mtaa huja na mkokoteni kuzizoa. Kazi hiyo ina heshima yake. Kule Mathare, chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliamua kuzipa timu zake pointi za ligi kwa kusafisha mitaa. Mwaka 1992 kilituzwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP).

Je, taka zikishatoka langoni huenda wapi? Nyingi huishia katika jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa. Mwaka 2007, UNEP ilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa kandokando ya jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Huenda basi mwalimu akamwita mzembe mwanafunzi ambaye kosa lake ni kuvuta pumzi.

Hapa ndipo ilipo ila ya ubia wetu. Mkazi ametoa ada, kijana ametoa jasho, mwenye lori amepata ujira. Lakini majaa ni jukumu ambalo Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti, na licha ya mipango mingi iliyotangazwa, jaa la Dandora lingali pale pale. Mzigo umemwangukia mtoto, ambaye hakutia sahihi mkataba wowote.

Kwa maoni yangu, mikataba ya taka ianzie jaani ndipo irudi langoni. Asipewe leseni mzoaji asiyeonyesha atakakozipeleka, nasi wakazi tutenganishe maozo na plastiki nyumbani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hakikusema kila mtu isipokuwa wa Dandora.