Gari la umeme linaponuka kuungua: Mzazi, angalia breki kabla ya safari ya shule

Dar es Salaam. Gari la umeme halitoi moshi, halina plagi wala halihitaji kumwaga oili ya injini. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wenye nayo huamini kuwa gereji si mahali pao tena. Breki zake, hata hivyo, zinaweza kuharibika kwa kutotumika, na kwa familia inayoishi karibu na bahari kama Msasani, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Sababu yake ni rahisi. Dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mwendo, mota ya gari hugeuka jenereta. Hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye foleni za Mwai Kibaki au Haile Selassie, kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na mota, na breki zenyewe hubaki zimekaa tu.

Kwenye gari la mafuta, pedi husugua diski kila siku na kuondoa kutu. Kwenye gari la umeme kutu hupata nafasi, na upepo wa bahari wenye chumvi huiongezea kasi. Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Volkswagen iliweka breki za ngoma kwenye magurudumu ya nyuma ya gari lake la umeme la ID.3, kwa kuwa ngoma imefunikwa na haishambuliwi kirahisi na kutu.

Kalipa hujamu vipi?

Kalipa ni chuma kinachoikumbatia diski. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma pedi, na pini zinazokifanya kiteleze kwenda na kurudi. Mpira unaozikinga ukichanika, maji na chumvi huingia, kutu hujengeka na kalipa hushindwa kuachia. Pedi hubaki imebana diski hata kama hujakanyaga breki.

Dalili zake ni hizi:

- Harufu ya kuungua karibu na gurudumu moja baada ya safari fupi.
- Gari kuvuta upande mmoja.
- Chaji kuisha haraka kuliko kawaida.
- Pedi ya upande mmoja kulika kuliko mwenzake.
- Rimu moja kuwa ya moto kuliko ya upande wa pili.

Kipimo cha mwisho kifanye kwa kupeleka kiganja karibu na rimu bila kuigusa, na watoto wakae mbali. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, hivyo huungua haraka na kwa kina zaidi. Akigusa, mwagie maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno, asali wala siagi.

Ukibaini dalili hizi, usiseme "nitafika tu". Joto la kalipa lililojamu huweza kuchemsha mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishavuta unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, kanyagio huzama na breki hazishiki, huku watoto wamekaa kiti cha nyuma.

Gereji, sema haya

Kwanza, jeki iwekwe kwenye sehemu maalumu tu, kwa sababu betri iko chini ya sakafu. Nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe. Hizo zina umeme mkubwa. Kama hendibreki ni ya umeme, iwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo. Pistoni ikisukumwa kwa nguvu bila hivyo, mota yake huvunjika.

Fundi azungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, afungue skrubu ya kutolea upepo. Gurudumu likiachia hapo hapo, huenda tatizo ni bomba la mpira lililoziba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi. Likiendelea kugoma, tatizo ni kalipa au pini zake.

Pini zenye kutu kidogo husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Pistoni iliyolika kwa kutu ni bora ibadilishwe pamoja na kalipa nzima. Pedi zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja, kisha upepo utolewe.

Kuna jambo la afya hapa. Fundi asipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema husababisha saratani ya mapafu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na mtoto asisubiri gari pembeni ya fundi.

Kinga

Mara moja kwa wiki, kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na magari, kanyaga breki kwa uthabiti mara kadhaa. Soma kitabu cha gari ujue namna ya kupunguza kazi ya mota ili pedi zisugue diski. Ukipita kwenye maji ya mvua au ukitoka kuegesha Coco Beach, suuza magurudumu kwa maji safi yakiwa yamepoa, kisha endesha kidogo na kukanyaga breki zikauke. Pini zikaguliwe kila mwaka, na mafuta ya breki yabadilishwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu, mara nyingi kila miaka miwili.

Kama gari limekaa likizo nzima bila kutembea, lijaribu polepole ukiwa peke yako, siku moja kabla ya shule kufunguliwa.