Jinsi ya kuifanya kompyuta inakili na kupanga mafaili yenyewe bila kukufutia kazi

Ingia kwenye duka lolote la steshenari karibu na chuo jijini Dar es Salaam, kisha uangalie kioo cha kompyuta ya kaunta. Folda ya Downloads imejaa mpaka basi: CV.pdf, CV(1).pdf, CV(2).pdf, barua za maombi ya kazi, utafiti wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, picha za pasipoti, nakala za vitambulisho vya NIDA. Vyote vimeingia kwa WhatsApp au barua pepe, vikachapwa, vikabaki hapo hapo.

Siku diski ya kompyuta hiyo ikifa, vyote vinaondoka nayo. Anayeumia zaidi ni yule mwanafunzi asiye na laptop, ambaye kazi yake yote ipo "pale dukani".

Ushauri wa kila siku ni kuhamishia nakala kwenye diski ya nje kila jioni. Tatizo ni jioni yenyewe. Kuna foleni ya watu wanaotaka kuchapisha kabla duka halijafungwa, kuna hesabu za siku, kuna daladala ya kuwahi. Wiki ya kwanza nakala zinachukuliwa. Wiki ya pili siku moja inarukwa. Mwezi ukiisha, hakuna anayekumbuka diski iko droo gani.

Kompyuta ya Windows inaweza kuifanya kazi hiyo peke yake kila siku, na programu ya kuifanyia tayari imo ndani. Hakuna cha kupakua wala kulipia.

Inaitwa Robocopy

Robocopy ilianza miaka ya 1990 kama zana ya mafundi wa Windows NT. Tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, inakuja pamoja na Windows yenyewe. Wengi hawaijui kwa sababu haina dirisha wala vitufe. Unaandika amri, inatekeleza.

Inazidi kuburuta mafaili kwa mausi kwa jambo moja kubwa: kwanza inalinganisha. Inaangalia ukubwa wa faili na muda lilipobadilishwa mara ya mwisho, halafu inanakili yale mapya na yaliyobadilika tu. Siku ya kwanza inaweza kuchukua saa kadhaa, siku zinazofuata ni dakika chache. Waya wa diski ukichomoka katikati, safari ijayo haianzi upya, inaendelea na yaliyobaki.

Tuseme kazi zote ziko kwenye folda C:\Kazi na diski ya nje inasomeka kama E. Amri yake ni hii:

robocopy "C:\Kazi" "E:\Nakala" /E /R:2 /W:5 /LOG:"C:\Taarifa\nakala.txt"

Kwanza ni mahali mafaili yanapotoka, kisha yanapokwenda. Herufi E baada ya mkwaju inaiambia ichukue na folda zote za ndani. LOG inaandika ripoti ya kilichofanyika, ila folda ya Taarifa uiunde mapema.

R na W usiziache. Robocopy ikikutana na faili ambalo programu nyingine imelishikilia, inajaribu tena. Usipoiwekea kikomo, inajaribu mara milioni moja, na kila mara inasubiri sekunde 30. Piga hesabu: faili moja tu linaweza kuikalisha kwa karibu mwaka mzima. Kwa amri hiyo ya juu itajaribu mara mbili, kila mara ikisubiri sekunde tano, kisha inasonga mbele.

Andika amri hiyo kwenye Notepad na uihifadhi kwa jina nakala.bat. Wakati wa kuhifadhi, chagua "All files", la sivyo Notepad itaongeza .txt mwishoni na faili lako litabaki maandishi matupu.

Nani ataiamsha kila siku?

Hapo ndipo inapoingia Task Scheduler, nayo imo ndani ya Windows. Itafute kwenye Start, bonyeza "Create Basic Task", ipe kazi yako jina, chagua "Daily", weka saa, kisha ioneshe lilipo faili la nakala.bat.

Weka saa ambayo kompyuta kwa kawaida imewashwa. Saa nane usiku inasikika vizuri, lakini kompyuta iliyozimwa hainakili kitu. Saa saba mchana inafaa zaidi.

Umeme je? Ukikatika saa hiyo hiyo, kazi ya siku inapita hivi hivi, isipokuwa umegusa kiboksi kimoja. Ifungue kazi uliyounda, nenda sehemu ya Settings, uweke tiki kwenye "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed". Umeme ukirudi na kompyuta ikawashwa, nakala itachukuliwa. Kwa laptop, angalia pia sehemu ya Conditions, maana kwa kawaida Windows haianzishi kazi hizi laptop ikiwa inatumia betri.

Kitu kingine kinachowatisha watu bure: Task Scheduler inaweza kuonesha jibu la 0x1, na mtu akadhani imeshindikana. Kwa Robocopy, 1 maana yake mafaili yamenakiliwa salama na 0 maana yake hapakuwa na jipya la kunakili. Hofu ianze kwenye 8 kwenda juu.

Amri ya kuogopa

Ukitafuta mafundisho ya Robocopy mtandaoni, amri utakayokutana nayo sana ina neno /MIR. Watu wanaipenda kwa sababu inafanya folda mbili zifanane kabisa, kama mtu na kioo chake. Tatizo ni kwamba kioo hakitunzi kumbukumbu. Faili likifutwa upande wa kwanza, /MIR inalifuta na upande wa pili.

Fikiria kijana wa dukani amefuta kimakosa folda ya utafiti wa mteja saa sita mchana. Saa saba nakala inajiendesha yenyewe, inakuta folda haipo, na kwa utiifu mkubwa inaiondoa kwenye diski ya nje. Mteja anakuja saa tisa. Hakuna pa kuitoa.

Mbaya kuliko hapo ni kugeuza pande. Aliyenunua diski mpya, akakosea akaiandika ya kwanza kwenye amri yenye /MIR, ameiambia kompyuta ifanane na diski tupu. Itafanya hivyo hivyo, bila kuuliza "una uhakika?"

Kabla ya kuendesha amri yoyote usiyoizoea, ongeza /L mwishoni. Robocopy itaorodhesha ambayo ingenakili na ambayo ingefuta, lakini haitagusa kitu. Soma orodha hiyo kwanza.

Amri ya mwanzo isiyo na /MIR haifuti, ila nayo ina mpaka wake. Mwanafunzi akifungua kazi yake, akafuta kurasa 40 kwa bahati mbaya na kuhifadhi, nakala ya kesho itaandikwa juu ya ile nzima ya jana. Kwa kazi zinazobadilika kila siku, washa pia File History, iliyoanza na Windows 8 mwaka 2012 na inapatikana ndani ya Control Panel. Yenyewe hutunza matoleo ya zamani ya faili, ili uweze kurudi kwenye lile la juzi.

Flashi ya mteja

Huu mtego ni wa steshenari hasa. Herufi E haina mwenyewe. Leo ni diski yako ya nje. Kesho umesahau kuichomeka, mteja amechomeka flashi yake, na Windows imeipa flashi hiyo herufi E. Ikifika saa saba, Robocopy haitambui kwamba hiyo ni flashi ya mtu. Itaunda folda ya Nakala humo ndani na kuanza kumwaga CV na vitambulisho vya wateja wengine wote. Mtu wa watu anaondoka navyo mfukoni bila hata kujua.

Dawa ni kuipa diski yako herufi ya mbali, kwa mfano X, kupitia Disk Management. Windows itaikumbuka kila ikichomekwa, na flashi za kawaida hazifiki huko. Kisha badilisha E:\Nakala iwe X:\Nakala kwenye amri yako. Siku diski haipo, amri itashindwa na kuandika kosa kwenye ripoti, na hilo ndilo unalolitaka.

Je, diski iachwe imechomekwa muda wote? Kwa urahisi, ndiyo. Kwa usalama, hapana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hata hospitali za umma za Uingereza. Virusi vya aina hiyo vinafunga mafaili na kudai fedha, na havibagui kati ya diski ya ndani na ya nje, mradi vinaifikia. Mwenye uwezo anunue diski mbili na kuzibadilisha kila wiki, moja ikikaa nyumbani.

Kupanga Downloads

Robocopy inaweza pia kuhamisha mafaili badala ya kuyanakili. Amri hii inachukua PDF zote zilizokaa Downloads kwa zaidi ya siku mbili na kuzipeleka kwenye folda yake:

robocopy "%USERPROFILE%\Downloads" "C:\Kazi\PDF" *.pdf /MOV /MINAGE:2 /XC /XN /XO /R:2 /W:5

Badilisha *.pdf iwe *.docx au *.jpg, badilisha na folda, umepata amri ya Word na ya picha. Zote zinaweza kukaa kwenye faili moja la .bat, mstari kwa mstari.

Zile /XC, /XN na /XO si mapambo. Dukani kila mtu anatuma faili liitwalo CV.pdf. La wiki iliyopita limeshahamishwa, kwa hiyo Downloads haina tena CV.pdf, na la leo linaingia kwa jina lile lile bila namba. Siku ya kuhamishwa, bila hizo tatu, CV ya leo inaandikwa juu ya CV ya wiki iliyopita, na mteja wa kwanza amekwisha. Zikiwepo, Robocopy inakuta jina limeshachukuliwa na inaliacha faili jipya Downloads, lisubiri mtu alibadilishe jina. Bora usumbufu huo.

Wa Mac na Linux wana rsync, iliyotolewa mwaka 1996, na mantiki yake ni ile ile, pamoja na hatari yake: neno --delete kwenye rsync ni ndugu wa /MIR.

Ikifa kimyakimya

Kazi inayojiendesha ina tabia moja mbaya. Ikiacha kufanya kazi, haipigi kelele. Mwaka 1998 watengenezaji wa filamu ya katuni ya Toy Story 2 katika kampuni ya Pixar, Marekani, waliona mafaili ya filamu yakitoweka mbele ya macho yao baada ya mtu kuendesha amri ya kufuta. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa masuala ya kiufundi, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na akifanyia kazi huko.

Kwa duka dogo, kinga yake ni dakika tano za Ijumaa. Fungua nakala.txt uangalie tarehe, na chini kabisa safu ya "FAILED". Kisha chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue mafaili matatu yoyote ya wiki hiyo. Usiishie kuyaona majina, yafungue.

Kuna folda moja ambayo hata hivyo haifai kuingia kwenye nakala. Tangu Mei 2023 Tanzania inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na diski yenye vitambulisho vya watu mia tatu waliokuja kutoa kopi mara moja tu ni mzigo kwa mwenye duka. Viweke kwenye folda yao, vifute kazi ikiisha, na uiambie Robocopy iiruke kwa kuongeza maneno haya mwishoni mwa amri ya kwanza:

/XD "C:\Kazi\Vitambulisho"